Mbegu Mbili Kila Shimo

Mama Chiriku alipewa kazi ya bomba. Wenzake waligawiwa majembe, ndoo na kamba za kunyooshea mistari. Yeye akakabidhiwa kipande cha sabuni na kuambiwa asimame pale bombani, ahakikishe hakuna mtoto anayerudi darasani na dawa ya mbegu mikononi. Hakulalamika. Alikunja mikono ya gauni lake, akaisafisha sinki iliyojaa majani makavu, akasubiri.

Baridi ilikuwa imelegea wiki hiyo. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshuka mara mbili, udongo wa bustani ya shule umelainika, na ile miti mitatu ya kando ya uzio imeanza kutoa machipukizi. Ilikuwa asubuhi ya kumfanya mtu yeyote ajisikie vizuri, kama ana sababu nyingine ya kujisikia vizuri.

Mpango wa shule ulikuwa hivi. Mzazi anayetoa mchango, mwanawe anakula chakula cha mchana. Asiyeweza mchango anakuja bustanini siku tatu kwa wiki, na mwanawe anakula vilevile. Kwenye barua za shule wote hao waliitwa wazazi wa kujitolea. Lakini daftari la Mama Miwani, mwenyekiti wa bustani, lilikuwa na orodha mbili. Kila asubuhi alisoma kwanza ya wale wenye mchango, waliokuja kwa kupenda tu na glavu zao mpya, kisha akashusha miwani hadi ncha ya pua na kusema, "Na wale wetu wa sahani."

Wale wetu wa sahani walikuwa wanne. Waliitika mmoja mmoja, huku wenzao wakijifanya wanakaza kamba za viatu.

"Mbegu mbili kila shimo!" alipaza sauti mwalimu wa bustani, kijana mwembamba ambaye wanafunzi walimpachika jina la Mwalimu Jembe. Aliipenda bustani ile kama vile ameizaa mwenyewe. "Si tatu, si moja. Shimo si sufuria, usinijazie. Na hizi mbegu zimetiwa dawa, ndiyo maana mnaziona nyekundu hivi. Usile, usijipanguse uso, usimguse mwenzako. Ukimaliza, bombani. Mama pale anawasubiri."

Watoto wakainamisha migongo. Kila mmoja alipewa mstari wake, kopo la maharage mekundu na kijiti cha kupimia nafasi. Chiriku, binti wa miaka kumi aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta kanyamaza, alipata mstari wa nane. Alipoumaliza kabla ya wote, akaongezwa wa tisa.

"Mwanao ana mkono mwepesi," Mwalimu Jembe alimwambia Mama Chiriku alipopita na toroli.

"Mkono na mdomo, mwalimu. Vyote."

Walicheka. Mama Chiriku alifurahi, akafurahi kupita kiasi, kwa namna mtu anavyofurahi anaposifiwa mbele ya watu ambao wamemzoea kwa jambo jingine. Watoto walipoanza kumiminika bombani aliwashika mikono, mmoja baada ya mwingine, akawa anahubiri.

"Sabuni inatoa dawa yote. Sugua katikati ya vidole. Suuza. Rudia. Mara tatu, hata kama unaona pameshatakata. Mara tatu, dawa inakwisha kabisa, hakuna kitakachokudhuru."

Chiriku alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Alisikiliza maneno hayo yakirudiwa zaidi ya mara thelathini.

"Mama, nikinawa mara tatu naweza hata kulamba vidole?"

"Unaweza hata kuvila," mama yake akamjibu kwa utani, akimsugua kucha.

Saa ya kula ilipofika, Mama Chiriku alikuwa ameshaondoka. Alikuwa na nguo za watu za kufua, mitaa miwili mbele, mpaka jioni. Hakumwona binti yake akimaliza sahani haraka haraka na kuomba ruhusa arudishe makopo. Hakumwona amechuchumaa bombani peke yake, soksi moja mkononi, akiiminya kwa sabuni mpaka povu jekundu likawa la waridi, na la waridi likawa jeupe. Mara tatu. Aliongeza ya nne, ili asikosee.

*

Nyumbani kwao palikuwa vyumba viwili nyuma ya karakana ya milango. Baba yake Chiriku alikuwa fundi wa lipu, na watu walimwita Fundi mpaka leo, ingawa tangu aanguke kutoka kwenye jukwaa la mbao na kuvunjika nyonga hakuwa ameshika mwiko kwa miezi saba. Mwenye kazi alimletea chupa mbili za maji ya matunda hospitalini, akamwambia ajikaze, kisha akabadilisha namba ya simu.

Kwa hiyo Fundi alipika. Alifagia akiwa ameegemea gongo, alimwosha mtoto, alianika nguo kwenye kamba aliyoishusha ili aifikie. Majirani wanaume walipopita walimwita Mama Fundi. Alicheka nao. Walipopotea konani, uso ulimsawijika.

Mtoto aliyeshinda naye alikuwa Kibonge, wa miaka miwili na nusu. Jina lilitokana na mashavu aliyozaliwa nayo. Sasa lilimkaa kama shati la kaka mkubwa, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumbadilishia. Kibonge hakuwa mwanafunzi, na sahani ya shule haikumhusu. Mwezi uliopita Chiriku aliwahi kumfungia wali kwenye karatasi ya daftari. Mama Miwani akamkamata mlangoni, akamrudisha mezani, akamsimamia mpaka akaumaliza wote, punje kwa punje, darasa zima likimtazama. "Chakula hiki ni cha mwanafunzi," alisema. "Tukianza kubeba, kesho tutalisha mpaka mabibi."

Alasiri ile Chiriku aliporudi, Kibonge alikuwa ameketi kizingitini ananyonya kola ya fulana yake.

"Baba, nimekuja na kitu."

Alimimina maharage kwenye sinia. Yalikuwa viganja viwili na kidogo, meupe yenye madoadoa, safi kama yametoka dukani.

Fundi aliyatazama, kisha akamtazama binti yake. "Nani kakupa?"

"Yamebaki bustanini. Mwalimu kagawa kwa waliofanya vizuri. Mimi nimepanda mistari miwili, wenzangu mmoja mmoja."

Uongo huo ulikuwa na ukweli mwingi ndani yake, ndiyo maana ulitoka bila kukwama. Fundi aliamini. Tuseme pia kwamba alitaka kuamini. Aliyainua maharage puani, akasikia harufu ndogo ya sabuni, akadhani ni mikono ya mtoto aliyefundishwa usafi.

"Mistari miwili!" alisema. "Mama yako akirudi leo atakuta sufuria inachemka. Ataona maajabu."

Aliwasha jiko, akabandika, akaketi pembeni akipepea makaa. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alisikika akipiga mluzi. Chiriku alizunguka sufuria ile kama inzi. Alieleza jinsi mbegu inavyokaa shimoni, jinsi inavyolewa maji ikavimba, jinsi Mwalimu Jembe anavyokasirika mtu akikanyaga tuta. Baba yake alipompakulia kidogo alikataa.

"Mimi nimekula shuleni. Mpe Kibonge. Na mama."

Kibonge hakuwa na subira ya kumngoja mtu. Fundi alimpondea maharage kwenye mchuzi wake, akamlisha kijiko kwa kijiko, na mtoto akafungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Fundi mwenyewe alionja mchuzi tu, kijiko kimoja na nusu. Yaliyobaki akayafunikia mkewe.

*

Mama Chiriku aliingia jua likiwa halijazama, vidole vimejikunja kwa maji. Alikuta Fundi amempakata Kibonge, sakafu imelowa matapishi, na mtoto anatokwa na mate kama chemchemi.

"Kaanza saa ngapi?"

"Sasa hivi. Nilidhani kapaliwa. Anatoka jasho, mguse, mguse hapa."

"Kala nini?"

"Maharage tu. Yale ya shule."

"Ya shule gani?"

Fundi alielekeza gongo kwenye sufuria. Mama Chiriku akafunua kifuniko. Alitazama mle ndani, kisha akageuka polepole kumtazama binti yake, aliyekuwa amejibana kati ya kabati na ukuta.

"Shule haijagawa kitu," alisema.

"Nimeyaosha, mama." Sauti ya Chiriku ilitoka nyembamba. "Kwa sabuni. Mara tatu, na ya nne. Maji yakawa meupe kabisa. Ulisema dawa yote inatoka. Ulisema naweza hata kula."

Hakuna aliyempiga. Baadaye Chiriku angetamani wangempiga. Mama yake alimnyakua Kibonge mikononi mwa Fundi, akamfunga mgongoni kwa kitenge huku anatembea, na zahanati, ambayo kwa siku za kawaida ni mwendo wa dakika ishirini, aliifikia kabla Fundi na gongo lake hawajavuka barabara.

Nesi wa zamu alikuwa mwanamke mtu mzima asiye na maneno mengi. Alimlaza mtoto, akamfunua kope, akamulika tochi.

"Mboni zimesinyaa. Huyu kagusa sumu. Kala nini?"

Wakati huo Fundi alikuwa ameshaingia, kaletwa na pikipiki ya jirani, anahema, anajishika tumbo ambalo lilikuwa limeanza kumsokota na yeye. Alimtangulia mkewe kujibu.

"Hatujui, nesi. Pengine kaokota kitu uani. Pale nyuma yetu kuna karakana, kuna marangi, kuna…"

"Rangi gani?"

"Marangi tu, ya milango."

Nesi aliwatazama wote wawili. Alikuwa ameshawaona wazazi wengi wakisimama pale na kuficha kitu. "Sikilizeni. Mimi si polisi. Dawa ziko za kila namna, na ninachompa aliyekula hii siyo ninachompa aliyekula ile. Nikikosea namwongezea. Mnajua au hamjui?"

Fundi alimshika mkewe kiwiko. Alimwambia kwa kunong'ona, "Watamfukuza shule, Mama Chiriku. Mwizi wa mbegu, watamfukuza. Na wewe jina lako…"

"Ni mbegu," Mama Chiriku akamwambia nesi. "Maharage ya kupanda, yaliyotiwa dawa. Ya bustani ya shule."

"Dawa gani?"

"Sijui jina lake. Limeandikwa kwenye mfuko."

"Mfuko uko wapi?"

"Stoo ya shule."

"Basi unafanya nini hapa?" nesi akasema, na tayari alikuwa amempa mgongo, anatafuta mshipa kwenye mkono mdogo kama kijiti.

*

Ufunguo wa stoo ulikaa kwa Mama Miwani, na Mama Miwani alikaa nyumba yenye geti la kijani nyuma ya shule. Mama Chiriku alimkuta barazani akikunja mashuka.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kama umekuja kuomba ubadilishiwe siku, nimeshasema, orodha ni orodha. Nikimruhusu mmoja…"

"Nahitaji ufunguo wa stoo. Mtoto wangu mdogo kala mbegu. Yuko zahanati. Nesi anataka mfuko aone dawa."

Shuka lilibaki nusu limekunjwa. "Mbegu kazipata wapi?"

Mama Chiriku alikuwa amekimbia njia nzima bila kufikiria jibu la swali hilo, na jibu likaja lenyewe.

"Nimeziiba mimi. Leo asubuhi. Nilipokuwa narudisha sabuni."

Mama Miwani alivua miwani, akaivaa tena. Hakuuliza la pili. Aliingia ndani, akatoka na ufunguo na tochi, akatangulia getini kwa kandambili, kichwa wazi, jambo ambalo mtaa ule haukuwa umewahi kuliona. Alimsema Mama Chiriku njia nzima. Alimwambia kwamba watu kama yeye ndio wanaofanya wafadhili wakate misaada, kwamba alimwamini, kwamba alimtetea mwaka jana, kwamba mwanamke mzima anachukua mbegu yenye sumu anapeleka jikoni kwake, akili yake iko wapi. Alisema hayo yote, na njia nzima alitembea mbele kwa kasi, akawa yeye anayemhimiza mwenzake. Stoo ilipofunguka, herufi za mfuko zilikuwa ndogo mno kwa Mama Chiriku aliyeishia darasa la tatu. Mama Miwani aliupeleka mfuko mwenyewe mpaka zahanati, akamsomea nesi jina la dawa, silabi kwa silabi.

"Hii naijua," nesi alisema. "Afadhali."

Kibonge alichomwa sindano, akachomwa nyingine. Fundi alilazwa kitanda cha pili kwa ajili ya kijiko kimoja na nusu. Kulipopambazuka mtoto alifungua macho, akaomba maji, na Mama Chiriku akaenda nyuma ya jengo, akakaa juu ya ngazi, akalia mpaka kifua kikauma.

*

Kamati ilikaa Ijumaa, kwenye darasa la watoto wadogo, kwa hiyo watu wazima walikalia viti vya kuwafikisha magoti kidevuni. Mama Chiriku hakupewa kiti. Alisimama karibu na ubao, chini ya picha za wanyama.

"Ulichukua kiasi gani?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Viganja viwili."

"Ukijua zina dawa?"

"Nilidhani sabuni itaitoa."

Mzazi mmoja wa glavu mpya alicheka, akajifanya anakohoa. Mwalimu Jembe alikuwa dirishani. Alikunja uso kwa namna ya mtu anayepiga hesabu isiyotaka kukubali.

"Na binti yako alijua?"

"Hakujua chochote."

Walimtoa nje wakajadiliana. Alisikia sauti zao, hakusikia maneno. Waliporuhusu arudi, Mama Miwani ndiye aliyesoma. Jina lake linafutwa kwenye kazi ya bustani. Haruhusiwi kuvuka uzio wa shule. Watoto wataelezwa kilichotokea, ili wajifunze hatari ya kuchukua kisicho chao. Kuhusu chakula, kamati imeona kwamba mtoto hana kosa. Ataendelea kula hadi mwisho wa muhula.

"Mtoto hana kosa," Mama Chiriku alirudia. "Asanteni. Asanteni sana."

Alishukuru mara nne, na kila mara aliyashusha macho chini zaidi. Lakini moyoni alikuwa anahesabu wiki zilizobaki mpaka muhula ufungwe, na zilikuwa tisa. Wiki tisa za sahani. Aliona amefanya biashara nzuri.

Biashara ilianza kumla siku iliyofuata. Mwenye nguo za kufua alimwambia kwa upole kwamba amepata mashine. Mwenye duka alianza kumhudumia mwenyewe, bila kumwacha ashike kitu. Watoto wa mtaani walipomwona walinyoosha mikono wakasuguana vidole kama wanaonawa, halafu wakakimbia. Aliyamezea yote. Alijikaza kisabuni, kama alivyotania kwa Fundi usiku wa kwanza, na Fundi hakucheka.

Chiriku alikula kila mchana. Alipewa nafasi mwisho wa benchi, na kati yake na mwenzake palibaki pengo la mtu mmoja. Nyumbani hakusimulia tena habari za shule. Mama yake alimwekea sharti moja tu, siku ile ile ya kamati, akimshika mabega mawili.

"Wewe hukuchukua kitu. Umenielewa? Ni mimi. Hata nani akuulize. Ukisema vingine, umenitukana."

"Lakini mama, wao wanakuita…"

"Wacha waniite. Wewe kula."

*

Siku ya kumi na nne tangu kupandwa, maharage yalikuwa yameshatoa majani manne manne, na Mwalimu Jembe akawapeleka wanafunzi bustanini. Kulikuwa na jua la kupendeza. Wazazi wa kujitolea walisimama pembeni na ndoo. Mama Miwani alikuwepo na daftari lake.

"Leo tunapunguza," mwalimu alitangaza. "Kila shimo lina miche miwili. Tazama uone upi una nguvu, upi dhaifu. Dhaifu unang'olewa. Yote miwili ikibaki, inanyang'anyana chakula, mwisho wake hakuna utakaozaa."

"Tuliyong'oa tunaiweka wapi, mwalimu?"

"Itupe hapo njiani. Haina kazi."

Watoto wakaanza. Walilipenda zoezi hilo, maana kung'oa hakuhitaji uangalifu wa kupanda. Miche ilirushwa njiani, ikalundikana, ikaanza kunywea juani, watoto wanaikanyaga.

Chiriku alisimama kichwani mwa mstari wa nane. Mbele yake palikuwa na mche mmoja, na mwingine mmoja, na mwingine mmoja, mpaka uzioni. Hapa na pale shimo lilikuwa tupu. Mstari wa tisa ulikuwa hivyo hivyo. Alitazama lundo la njiani, akatazama tena mistari yake.

Mwalimu Jembe aliinua kichwa akamwona amesimama. Akaiona mistari. Kile alichokuwa akikipigia hesabu tangu siku ya kamati, kwamba mfuko wa stoo aliupima na haukuwa umepungua zaidi ya mbegu alizogawa, kilikaa mahali pake. Alipepesa macho upande wa Mama Miwani, akamsogelea mtoto haraka, akajiweka kati yao wawili.

"Chukua ndoo," alisema kwa sauti ya chini. "Kachote maji. Mistari hii nitaimaliza mimi."

"Mwalimu, kwa hiyo ile mbegu ya pili ilikuwa ya kutupa?"

"Ilikuwa ya tahadhari. Kachote maji, mwanangu."

"Ningepanda zote mbili, leo ningeing'oa nikaitupa pale?"

"Chiriku. Nenda."

Hakwenda. Mtoto mmoja wa mstari wa saba, asiye na nia mbaya sana, aliinuka akasema, "Mbona wa mtoto wa mwizi una mmoja mmoja?" Na vichwa vyote vikainuka.

"Mama yangu si mwizi!" Chiriku alipiga kelele, sauti ile iliyokuwa imefungiwa wiki mbili. "Ni mimi! Nilipanda moja, moja nikaweka kwenye soksi. Tazameni! Mstari wa nane na wa tisa, hesabuni! Mama hakugusa. Alikuwa bombani. Alikuwa bombani mnamwona wote!"

Mwalimu Jembe alifumba macho. Mama Miwani alikuja polepole kati ya matuta, akainama, akaikagua mistari miwili hadi mwisho, akarudi. Alimtazama Chiriku, na hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Lakini daftari lilikuwa mkononi mwake, wazazi walikuwa wanamwangalia, na kamati iliandika neno moja tu lililomweka mtoto yule mezani.

"Kwa hiyo mtoto ana kosa," alisema mmoja wa glavu mpya, nyuma yake.

Mama Miwani alifungua daftari. Alitafuta ukurasa, akalipiga mstari jina la Chiriku.

*

Mama Chiriku alikuwa uani anaponda kokoto za mwenye karakana, kazi aliyoipata kwa kuomba, binti yake alipoingia getini saa ya chakula, saa ambayo hakutakiwa kuwa nyumbani. Hakuhitaji kuulizwa. Alieleza yote akiwa amesimama, mkoba mgongoni: miche iliyotupwa, mtoto wa mstari wa saba, daftari.

"Nimesema, mama. Nimewaambia hukuchukua. Wote wamesikia, hata wazazi. Mwalimu kasema atakuja kukuomba radhi mwenyewe."

Fundi alikuwa mlangoni na Kibonge miguuni. "Na chakula?" aliuliza.

Chiriku alitikisa kichwa.

"Mungu wangu," Fundi alisema. "Wiki saba. Mtoto, ulikuwa umebakiza wiki saba tu ukae kimya. Mama yako kavumilia yote yale, halafu wewe…"

"Mwache," mkewe akamwambia.

Aliweka nyundo chini. Alijua anachopaswa kuhisi. Alipaswa kukasirika, au kuhuzunika kwa ajili ya sahani ile aliyoinunua kwa uso wake mwenyewe, na kuanza kuwaza kesho mchana huyu binti atatia nini mdomoni. Aliingoja hasira ije. Badala yake kilichomjia ni kuona njia ya dukani, ile ya kila siku, na yeye anapita katikati yake, kichwa kimeinuka, anamsalimia mwenye duka, na mwenye duka anaitika. Kifua kilimfunguka. Pumzi ilishuka mpaka mahali ilipokuwa haijafika kwa wiki mbili, na ilikuwa tamu, tamu kabisa, na mwanawe amesimama mbele yake hajala.

"Umekasirika, mama?"

"Hapana."

Lilikuwa jibu la kweli. Kwa sababu hiyo hakuweza kumtazama usoni. Aliokota nyundo, akavuta jiwe jingine karibu, akaendelea kuponda.